Kamera Ndogo, Kamera Kubwa, na Picha ya Mama Niliyoikosa

Shikamoo Mama Mshauri. Naomba uisome barua hii hadi mwisho, maana hapa Newala sina tena wa kumweleza, kila ninayemfungulia moyo ananijibu kwamba kamera ni kamera tu.

Mimi ni mpiga picha, naitwa sana kwenye harusi za kina mama kwa sababu wengi hawataki mwanamume aingie ndani, na kamera yangu ni DSLR ndogo, ile ya kuanzia, yenye lenzi iliyokuja nayo dukani, na mchana wa jua haijawahi kuniangusha. Mwaka jana aliolewa mdogo wangu Mwanaheri, na mama yetu alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, hata kukaa kitandani alikuwa anashikiliwa, lakini jioni ile wanawake walipokuwa wanacheza ndani akasema, "Ninyanyueni, leo sikubali kulala," akasimama, akamshika Mwanaheri mikono, akacheza. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa na taa mbili za chaji basi, na macho ya mama yalikuwa hayavumilii mwanga mkali, akaniambia, "Faidha, hiyo radi yako inanichoma," nikazima flashi nikaendelea kupiga huku machozi ya furaha yananitoka. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta, uso wa mama ni ukungu mtupu, mikono imekuwa michirizi, sikupata hata moja ambayo mtu anayemjua angemtambua.

Mama alifariki kabla korosho hazijaanza kuokotwa. Kwenye arobaini Mwanaheri akaniuliza mbele ya shangazi zetu, "Dada, ile ya mama akicheza na mimi iko wapi?" Nikamwonyesha. Akaitazama, akasema, "Umewapiga picha watu wa Newala nzima, mama yetu mmoja akakushinda," akaondoka, na tangu siku ile simu zangu hapokei.

Basi nikateremka Masasi kwa muuza kamera mmoja, Oscar, akanipa nizishike mbili. Moja ni ya kuanzia kama yangu ila mpya zaidi, nyepesi, na lenzi yake ipo. Nyingine ni ile ya nusu kitaalamu, nzito, haiogopi vumbi, inashika taswira upesi, lakini inauzwa yenyewe tupu, lenzi ukajitafutie. Oscar akaniambia, "Dada, hii gizani inaona." Neno hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Ila kuinunua ni mpaka niuze mikorosho aliyoniachia mama, na mnunuzi ameshakuja kuitazama, na mume wangu Swalehe anasema nichukue ndogo au niache kazi kabisa, siku hizi kila mtu ana simu. Nimeshakataa harusi za watu, nikiishika kamera mikono inatetemeka. Nichukue ipi, mama? Au niache?

Faidha, Newala

Marahaba, Faidha. Pole kwa msiba, na pole kwa maneno ya mdogo wako, maana maneno ya msibani yanakata na aliyeyasema huwa hajui yamefika wapi.

Mimi kamera sizijui. Nilimsomea barua yako Barnaba, aliyepiga picha za harusi Masasi tangu enzi za filamu. Nilipofika kwenye zile taa mbili na mtu anayecheza, akasema, "Hata mimi na hilo dude langu kubwa, bila flashi, ningemkosa." Anasema kamera kubwa huvumilia giza kidogo zaidi, lakini mwanga huingia kwa lenzi, na lenzi kama yako tundu lake ni dogo. Ukiifunga hiyohiyo kwenye kamera ya Oscar, harusi ijayo utalia tena.

Sasa nikuseme. Unataka kuuza mikorosho ya mama yako ukanunue jioni ile. Haiuzwi, si Masasi wala Mtwara. Ungemaliza shamba, ungebeba uzito huo shingoni, ungeingia kwenye harusi ya watu, na mama asingekuwemo. Mtu mzima unakubalije mnunuzi akanyage shamba kwa sababu ya sentensi moja ya muuza duka?

Mwambie mnunuzi leo kwamba shamba haliuzwi. Kamera usinunue yoyote, yako ni nzima. Tafuta lenzi ya milimita hamsini yenye tundu pana inayoingia kwenye hiyohiyo, na flashi ya kuchomeka juu, uielekeze darini isimpige mtu machoni. Ndogo ikifa, nunua ndogo nyingine. Kubwa ikodi kwanza kwa harusi moja, uone kama mikono yako inaitaka. Na Swalehe mwambie kazi huachi, kuna nyumba ambazo bila wewe hazipigwi picha.

Kutetemeka kwa mikono hakuna lenzi itakayokutibu, nami sitakudanganya kwamba kutaisha upesi. Acha kumpigia Mwanaheri simu, nenda kwake. Mweleze kwamba mama ndiye aliyeomba mwanga uzimwe, na wewe ukamsikiliza. Inawezekana halijui hilo. Inawezekana akilijua asilitake. Asipokufungulia, kaa hapo nje, ujitaje jina, uliseme kupitia mlangoni.