Mama Vioo na Kioo Kilichokazwa Mno

Mama, mwaka umekatika tangu utuage, na bado tukikaa mezani kuna anayesubiri umvue miwani. Hukuvumilia kuona kioo chenye alama za vidole. Mkwe wako alipokuja kuposa, ndani ya suti ya kuazima na jasho likimtiririka, salamu hazijaisha ulikwisha mvua miwani, ukaifuta kwa upindo wa gauni, ukamrudishia. Anasema hapo ndipo alipojua amekubaliwa.

Kazini walikuita Mama Vioo. Katika lile jengo la mviringo, ambamo elektroni huzungushwa kwa kasi mpaka zikatoa eksirei kali, wewe ndiwe uliyepanga vioo vya kuikusanya mionzi hiyo iwe nyembamba kuliko unywele. Ikipita kwenye fuwele au kipande cha chuma, wataalamu hujua atomi zimepangikaje ndani yake.

Kisha ukaugua, na ugonjwa ukaja wakati mbaya. Njia mpya ya mionzi, uliyoihangaikia tangu ikiwa michoro, ilikuwa haijatulia. Mahali pa nukta moja ya mionzi palitokea doa lililosambaa. Uliwalaumu waliotengeneza kioo, tena bila kupepesa macho. Wenzako wakajiandaa kukirudisha kiwandani, jambo ambalo lingechelewesha kazi mno, nawe muda hukuwa nao.

Kitandani hospitalini asubuhi nzima ulikunja na kukunjua vidole kama mtu aliyeshika spana. Halafu ukamwomba kitindamimba wako akushikie simu, ukampigia fundi mliyefanya naye kazi tangu ujana.

"Kaka, msikirudishe kioo," ulisema. "Kosa ni langu. Vile vibanio vinavyokishikilia nilivikaza mno kwa mkono wangu, na kioo kimepinda. Vilegezeni."

Akakuuliza kama una hakika. Ukamjibu kwamba hakika huna, ila muungwana akivuliwa nguo huchutama, na kwanza akuunganishe na wale wa kiwandani. Uliwaomba radhi sote tukisikia.

Vibanio vikalegezwa, chombo chenye kioo kikafungwa, hewa iliyomo ikanyonywa upya. Fundi alipokuja wodini alikuonyesha picha kwenye simu. Nukta. Ulicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Hukujaliwa kuiona njia hiyo ikifanya kazi. Sisi tumeiona. Mwezi uliopita wenzako walitualika, tukamkuta mtafiti mmoja, binti wa makamo ya kitindamimba wako, anayechunguza protini ya kijidudu cha kifua kikuu. Fuwele zake ni ndogo mno, na kwingine kote alikuwa ameambulia patupu. Safari hii skrini ilijaa nukta safi za mionzi iliyotawanywa na fuwele, naye akaziba mdomo kwa viganja. Alitueleza kwamba sasa ana pa kuanzia kutafuta dawa. Baba alimwuliza maswali mpaka tukaona haya, naye akayajibu yote. Kisha akatuomba tumwie radhi, zamu yake haijaisha, akaenda kuweka fuwele nyingine.

Tunaokukumbuka ni mumeo, binti yako mkubwa na mumewe, kitindamimba wako, dada yako uliyemwita Pacha ingawa hamkuzaliwa pamoja, wajukuu zako, na wenzako wote wa jengo la mviringo.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote za maisha yetu.