Gia Imebaki Mguuni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na lile goti lako limeacha ubishi. Mjukuu wako hajambo. Ameota jino jingine na hatupi amani, anang'ata mpaka mguu wa kiti. Mimi pia mzima, mikono tu ndiyo imekuwa migumu kama ya mpasua kuni.

Nakuandikia nikiwa kituo cha maziwa, nimekalia dumu lililopinduliwa, nangoja zamu yangu ya kuoshewa madumu. Kalamu nimeazimwa na karani wa hapa, na kila mara anachungulia dirishani kuona kama bado ninayo. Shule yangu unajua iliishia wapi, basi mwandiko uuvumilie. Nitaandika kama ninavyosema.

Najua utajiuliza, nafanya nini kituoni wakati mwenye kazi ya maziwa ni mwanao. Nitafika huko, Mama. Niache nianzie mbali kidogo, maana nikianzia karibu nitashindwa.

Mvua zilizopita mwanao alianguka na pikipiki akiwa na mzigo wa maziwa. Alisema ni mchanga wa mto mkavu. Tukakubali, mchanga ule umeangusha wengi. Baadaye akaanguka tena, safari hii hapa nyumbani, mahali pasipo na mchanga wala jiwe. Nikaanza kumwangalia anavyotembea. Ndala ya kushoto ilikuwa inabaki nyuma, anarudi kuitafuta, na sisi tunacheka. Alisema ndala hiyo imeomba talaka, na yeye si mtu wa kumlazimisha mtu ndoa. Unamjua mwanao kwa maneno.

Akaenda hospitali kubwa, mimi nikabaki na mtoto. Aliporudi aliniambia daktari amesema ni mishipa ya miguu imechoka, ugonjwa utaishia hapo hapo miguuni, ila aachane na magurudumu mawili na atafute chombo kinachosimama chenyewe. Nilifurahi, Mama, nikapika na kuimba. Miguu tu! Watu wangapi wanaishi bila miguu?

Ila kazi yetu haingoji mtu apone. Wafugaji wa ng'ambo ya mto wanakamua alfajiri, na maziwa yasipofika kituoni mapema yanaharibika. Ukichelewachelewa, kituo kinampa mwingine njia yako. Tayari kijana mmoja wanamwita Mbio alikuwa ameshajitolea kutubebea, kwa wema ule wa fisi kulinda bucha. Alikuwa anawauliza wafugaji kama hawaoni tumechoka. Njia ile ikienda, Mama, hatuna kingine cha kula.

Basi tukauza pikipiki, tukaenda kutafuta pikipiki ya magurudumu manne. Kulikuwa na mahali wageni walikuwa wanakwenda kuziendesha mchangani kwa kujifurahisha. Pamefungwa, na mwenyewe alikuwa anauza vyombo vyake. Mwanao aliketi kwenye kiti na fimbo yake, akanituma mimi niwe macho na mikono. Vijana waliokuwa hapo wakaanza. Mmoja akasema miguu miwili imemshinda huyu, sasa anataka minne. Mwanao akamjibu kuwa hata meza ina minne na haijawahi kumsema mtu. Wakacheka wao kwa wao, basi yakaisha.

Zilikuwa tatu. Kwa ile ya kwanza aliniambia niweke kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ilikuwa ya moto. Akasema twende kwenye nyingine, mtu akikupashia chombo kabla hujafika, ujue kina ugonjwa anaouficha. Ya pili ndiyo moyo wangu uliipenda. Ilikuwa pana, imetulia kama ng'ombe aliyeshiba, ina keria mbele na nyuma, na gia zinajibadilisha zenyewe. Nilikwisha kuona madumu yetu yamekaa juu yake.

Mwanao akachagua ya tatu. Mama, ungeiona! Nyekundu, fupi, nyembamba kama panzi, imetengenezwa kwa vijana wa kushindana. Haina hata pa kuweka kikapu. Klachi ya mkono, na gia unaikanyaga kwa mguu. Tena mguu wa kushoto! Nilimwinamia nikamnong'oneza kwamba huo mguu ndio ulioachwa na ndala, gia ataikanyaga na nini? Akasema fundi ataipandisha gia mkononi, hilo ni jambo dogo. Akasema ile kubwa ni nzito mno, ikipinduka mtoni nani atainyanyua? Sikutaka kubishana na mume wangu mbele ya wale vijana.

Akanikagulisha kila kitu. Nilishika gurudumu la mbele juu na chini nikalitikisa, nisikie kama linacheza. Nikalala chini kutafuta rangi mpya kwenye chasisi, maana rangi mpya mahali pamoja imeziba ufa. Nikahesabika mtu wa ajabu, mwanamke amelala mchangani na leso kichwani anakwaruza vyuma kwa kucha. Nikachomoa kijiti cha oili nikanusa. Nikakagua meno ya cheni. Kila nikijibu, ananiuliza nimejuaje. Nilidhani anapitisha muda.

Fundi wetu wanamwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Tulipoipeleka alicheka mpaka akaketi. Alisema watu wote humletea hizi aziongezee kelele na mbio, sisi tunataka apunguze vyote viwili. Lakini ng'ombe wangekimbia kwa ule mlio, na springi zilikuwa laini za kurukaruka. Redio alisema tukibeba maziwa hivyo tutafikisha siagi. Akakaza springi, akatanua ekseli ya nyuma ili isiegemee ikilemewa, akabadilisha meno ya cheni ivute badala ya kukimbia, akaunga keria ya chini ya kubebea madumu, akaweka na vibati vya kukanyagia mguu usiteleze ukaingia kwenye gurudumu.

Wakati wa kupima usukani na kiti, mwanao alisema kumpandisha na kumshusha ni taabu, bora wanipime mimi. Nikapanda. Redio akaleta futi, akapima mkono wangu, akapima goti, huku anasimulia habari za shemeji zake wote. Springi nazo zikakazwa nikiwa juu na madumu ya maji nyuma. Jioni mwanao alinifundisha kuiendesha pale uwanjani, yeye kwenye kiti, mimi nazunguka. Alisema ni ili nimsaidie kuipeleka kuoshwa. Niliizima mara nyingi. Aliniambia klachi haitaki ugomvi, iachie kama unavyomwachia mtoto aliyelala. Hapo klachi nikaielewa.

Siku ya kuichukua, nilipanda niitoe nje ya karakana. Mikono ikaanguka mahali pake yenyewe. Kiti kikanipokea. Mguu wa kushoto ukaikuta gia pale chini. Nikamwambia Redio, shemeji, umesahau, hujapandisha gia mkononi, na usukani umeusogeza karibu sana, mume wangu ana mikono mirefu. Mama, Redio alinyamaza. Alichukua spana iliyokuwa safi akaanza kuifuta. Mwishowe akasema hakusahau kitu. Akasema ametengeneza alivyoagizwa, na mengine nikamuulize mume wangu.

Hapa, Mama, kama ni binti wa jirani anakusomea, mwambie apunguze sauti, au mtoke nje wawili tu.

Nilimkuta sakafuni na mtoto. Hapo nyuma walikuwa wanashindana, mmoja anajifunza kusimama na mwingine anasahau, na mwanao alikuwa amenitania niweke dau. Siku hiyo hakutania. Aliona nimeingia na uso gani, akaniambia niketi. Akasema daktari hakusema miguu tu. Alisema inaanza miguuni, inapanda mikononi, kisha inakwenda kwenye pumzi. Haina dawa. Alijua tangu siku ile napika na kuimba, akashindwa kunikatiza. Akaona bora atumie muda wa mikono yake kunitafutia chombo nitakachoweza kukiinua mwenyewe kikianguka, na kunifundisha kabla sauti haijamkatika. Gia haikuwa ya mguu wake. Ilikuwa ya wangu.

Nilimpiga kifuani, Mama. Nisamehe. Nilimpiga kwa ngumi kama mtoto, na yeye akaniacha, kisha nikamkumbatia tukalia wote watatu, maana mjukuu wako akiona watu wanalia hapendi kubaki nyuma.

Kisha akaniambia la mwisho. Marehemu Baba hakufa kwa homa, kama nilivyoelezwa nilipoolewa. Naye alianza kwa kuburuta mguu. Wewe ndiye uliyemgeuza, uliyemlisha, uliyemsafisha, mpaka pumzi ikakatika mikononi mwako, na mwanao alikuwa mdogo akiyaona yote. Ndiyo maana amenikataza nisikuandikie neno. Alisema mama yake alishamuuguza mmoja, hatamletea wa pili. Alinifanya niape. Niliapa, na hapa kiapo nimekivunja.

Sikulaumu kwa ile homa, Mama. Ningekuwa wewe pengine ningesema hivyo hivyo, nani angekubali kuolewa na kijana wa nyumba hiyo? Na mimi ningemkosa. Habari ya mjukuu wako kama na yeye amebeba ugonjwa huu, siiulizi. Siku nikiwa na nguvu nitauliza, leo nampenda tu na meno yake.

Sasa maziwa nabeba mimi. Siku ya kwanza wafugaji walidhani nimepotea njia. Mmoja akaniuliza kama mume ameishiwa watu wa kutuma. Nikamwambia amebakiza mmoja, ndiye huyu. Mtoni nilizama kwenye mchanga, nikashuka, nikaisukuma huku nalia na kutukana, ikatoka. Nilifika maziwa yakiwa mazima. Mbio alikuwa pale mlangoni na madumu matupu, akiningoja nichelewe. Alinisalimia kwa heshima sana. Njia bado ni yetu.

Kwa hiyo chakula hakina shida, Mama, sikuiti kwa njaa. Nakuita kwa sababu sijui. Sijui namna ya kumgeuza mtu mzima bila kumuumiza. Juzi alipaliwa na uji nikabaki nimesimama na kijiko, sijui nimwinue au nimpige mgongo. Wewe unajua alalie upande gani, alishwe nini. Hospitali wananiambia kwa maneno magumu na wana haraka. Nifundishe wewe. Mimi nikifundishwa nashika, Redio mwenyewe anashuhudia. Nami naamini, usinicheke, kwamba mtu akitunzwa vizuri hukaa muda mrefu kuliko daktari alivyosema. Naliamini hilo kila asubuhi nikiwasha injini.

Ukija, atakasirika. Atanigeuzia mgongo siku moja, labda mbili, nitavumilia. Mwambie ni mimi niliyevunja kiapo.

Vifungo vya shati vimeshamshinda. Kikombe anashika kwa mikono yote miwili. Lakini mkono wa mtu akipewa, bado anaubana kwa nguvu, nimeujaribu leo asubuhi kabla sijaondoka. Njoo, Mama, wakati bado anaubana.

Nisalimie shangazi na wote wa hapo nyumbani, mwambie na binti wa jirani asante kwa macho yake. Mjukuu anakungoja akung'ate. Karani anataka kalamu yake.

Ni mimi mkweo, ambaye ni mwanao pia,
Mama wa mjukuu wako.