Sehemu ya Sita, Fumi Analia

Jumapili, 3 Machi 2019. Jinja

Leo tumeanza. Msimu wa pili wa katuni yetu ya Kijapani! Umekaa kwenye simu yangu tangu mwaka jana bila kuguswa. Wa kwanza tuliumaliza wiki ile mume wangu Marjan alipopangiwa kwenda vitani Somalia, tumelala kifudifudi, simu imeegemea bakuli. Akaniapisha nisitazame unaofuata bila yeye. Sikutazama.

Amerudi tangu Desemba. Bomu la barabarani. Jicho la kushoto linajua mwanga na giza tu, la kulia halijui kitu. Kijapani hatujui, na maandishi ya chini ya Kiingereza hayaoni. Basi mimi ndiye VJ wake, kama wale wa vibanda vya video wanaotafsiri filamu huku wanapiga kelele juu yake. Amenipa amri moja — nisitie chumvi. Nisiwe kama yule VJ wa Masese, ambaye kila Mchina kwenye filamu yake lazima aende kununua sangara.

Nikamjibu ndiyo, afande.

Jumanne, 5 Machi

Sehemu ya tatu. Zaituni, dada yake Marjan, alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akasema sizoni hii imekufa. Ile ya kwanza tulikaa roho juu: Goro fundi baiskeli, Fumi muoka mikate, ukuta mmoja kati yao, kila mmoja anajifanya hajali. Sasa wameshaambiana, wanaishi pamoja. Tunangoja nini tena? Afadhali aletwe msichana mwingine, au Goro agongwe na gari asahau kila kitu.

Marjan akasema hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanafuta yote, waanze upya. Kuchekesha kwa hadithi ya watu wasiojuana ni rahisi. Kazi ni kuchekesha wakishajuana.

Mara Goro akaficha viatu vya Fumi, kwa sababu anajua mwenzake akikasirika huwa anaondoka bila kuaga. Nikasoma hivyo hivyo. Marjan akacheka! Mara ya kwanza tangu hospitali. Kadija akaacha uji wake, akaja kumtazama baba yake mdomoni.

Ijumaa, 8 Machi

Mama amepiga simu kutoka Mbale. Amenipatia nafasi — kozi ya ualimu wa chekechea, miezi tisa, inaanza Jumatatu tarehe 18. Anasema nije na mtoto nikae kwake Nkoma, mume wangu ana dada wa kumtunza.

Nimechoka jamani. Nafua, nabeba maji, namshika mkono mpaka chooni, na Kadija anautaka mkono huo huo. Nafasi hii naitaka. Haya, nimeandika. Naitaka.

Sijamwambia.

Jumapili, 10 Machi. Mbale

Nilimwambia naenda kumwona Mama, mguu unamsumbua. Mguu mzima kabisa! Jana nimeandikisha jina.

Leo nimekaa tu hapa Nkoma, hakuna anayeniita. Kadija amelala na bibi yake. Nikafungua simu. Nimevunja ahadi.

Sehemu ya sita: Fumi amepata nafasi kwenye chuo cha waoka mikate, mji mwingine. Anamficha Goro habari hiyo. Mwisho analia stoo, uso kwenye gunia la unga, asisikike. Nikafunga. Ya saba inasemaje sijui. Sitaki kujua.

Jumatano, 13 Machi. Jinja

Baada ya chakula akataka ya sita. Barua ya chuo aliyoipata Fumi nikaigeuza, nikasema ni ya shangazi yake. Tulipofika stoo nikasema Fumi anacheka, paka ameangusha unga.

Akainamisha kichwa kuelekea simu. Akauliza mbona anavuta pumzi namna hiyo.

Nikasema unga umemwingia puani.

Akasema sawa. Sawa yake hiyo naijua.

Ijumaa, 15 Machi

Haombi katuni. Zaituni ameninong'oneza: jana nilipokwenda sokoni nikaacha simu kwenye chaji, Marjan alimwomba amwekee ya sita. Zaituni Kiingereza kinamshinda, hakutafsiri hata neno. Alisikiliza sauti tu. Mara tatu. Kisha akauliza kama mguu wa Mama umepona.

Jumapili, 17 Machi

Begi liko tayari. Gari la saa tisa. Nilipanga kumwambia asubuhi, chai ikapita. Nikapanga baada ya kufua, nguo zikaanikwa, zikakauka.

Saa saba natafuta viatu vyangu. Havipo. Chini ya kitanda, uani, kwa Zaituni — hakuna. Kadija ameshavaa vyake, ananifuata nyuma.

Marjan amekaa mkekani, mgongo ukutani. Shuka magotini, na joto lote hili. Nikaona kisigino cha kiatu changu kinachungulia.

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitoka. Yeye hakucheka.

"Mama Kadija," akasema, "msimu wa kwanza walifichana, tukacheka. Sasa wanaishi nyumba moja. Akimficha tena, huyo aliyeandika ametuonea."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Rudisha pale kwenye unga. Nitafsirie sawasawa."

Nimeingia ndani kuchukua simu. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, naandika haya nipate pumzi. Kozi siiachi. Hilo nitalisema kwanza, na kwa sauti isiyotetemeka. Kwamba naogopa akiniambia nenda, na naogopa akiniambia baki — hilo sijui nitalisemaje. Mbale si Somalia. Labda nianzie hapo.

Ananiita. Nakwenda na daftari, na kalamu.

Nimekaa karibu yake. Ametoa kiatu kimoja chini ya shuka, amekiweka mbele yangu taratibu, ncha yake ikielekea mlangoni. Cha pili bado amekishika.

Nimebonyeza. Fumi ameanza kulia.