Ngozi ya Mgongo Wako

Kwa pacha wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla hujasoma zaidi, maana nakujua, barua unaisoma umesimama. Mimi mzima. Mama naye mzima, isipokuwa magoti yake yanayolalamika kuliko yeye mwenyewe. Sijui wewe u hali gani huko kwa shemeji.

Bandeji za mwisho zilitolewa mwezi uliopita. Tangu bomba la mvuke liniunguze pale kwa dobi, sasa ndiyo nageuza shingo bila kugeuka mwili mzima kama kabati. Mdomo nao unafunguka. Nilimega mkate kwa meno, mama akacheka mpaka akakaa chini. Ngozi uliyonipa imeshika. Daktari aliyenishona alisema sisi tumetoka yai moja, ndiyo maana mwili wangu haukuikataa. Nikamwambia haujawahi kukataa kitu chako, tangu magauni.

Lakini pacha wangu, hili shavu lina mambo. Nimekaa zangu, mara nasikia maji yanatiririka shavuni, nikijipangusa, pakavu. Siku nyingine linatoka jasho peke yake. Daktari akasema mishipa ya fahamu inaota upya, huwa inadanganya. Nikaridhika.

Wiki iliyopita nilikuwa naosha vyombo na mama. Shavu likapigwa. Haki ya Mungu, lilipigwa, likarudiwa, mpaka nikashikilia beseni. Mama aliponitazama, sahani ikamponyoka. Akauliza nani kanichapa, na jikoni tulikuwa wawili tu. Nikakimbilia kioo. Mstari mwekundu, upana wa mkanda, na mwishoni alama ya bizimu lenye pembe moja iliyovunjika. Niliuogopa uso wangu mwenyewe.

Bizimu hilo nalijua. Shemeji alipokuja kukuchukua hospitali alisimama kando ya kitanda changu, nami nimelala, macho yangu yako sawa na kiuno chake. Hili shavu lilitolewa mgongoni kwako, chini ya bega. Anayepigwa ni wewe. Kila ukiandika unasema mko salama, na mimi mjinga nafurahi! Nimelia, pacha wangu, na hasira ninayo mpaka sasa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na huko sitaki tufike.

Mama nimemwambia. Hakubisha hata kidogo. Alikwenda kutafuta viatu.

Barua hii sikuitia posta, shemeji angeifungua. Anakupa mkononi fundi cherehani wa mtaani kwako, na mimi na mama tumekaa chumba chake cha nyuma. Ukimaliza kusoma ichome. Usibishane na mtu, usifungashe hata kanga. Mama anakusalimu sana, anasema nguo zitashonwa nyingine.

Shemeji akitoka tu nyumbani, peleka mkono nyuma, ubonyeze pale walipokukata. Tutakuja hapo hapo. Bonyeza kwa nguvu, nimelishika shavu.

Ni mimi niliyelala nawe tumbo moja,
Pacha wako