Bwana wa Hewa na Kigugumizi cha Salma

Mwanangu Hamad,

Miaka miwili na nusu hujakanyaga mlango wangu. Simu unapiga, najua, lakini simu hainywi chai na mimi. Hao wageni wa hoteli unaowahudumia huko kwetu wana mama zao. Wewe unaye huyu mmoja, na magoti yake yanalia. Haya, nimeshasema. Hujambo? Mkeo hajambo? Yule mdogo ameota meno? Sisi hapa London, Thamesmead, wazima, baridi tu inatutafuna. Anayeniandikia ni jirani yangu wa Mombasa, yule nesi, na nimemwambia asinirembee maneno.

Nataka kukupa habari ya binti yako Salma, uliyeniachia nimlee. Skuli kila mtoto alipewa mtu wa zamani amsome, kisha asimame mbele ya darasa amweleze. Salma alirudi na karatasi yake akaingia chini ya meza, na miaka yake kumi. Unajua kwa nini. Kigugumizi hakijamtoka, Kiswahili kinamshika, Kiingereza ndiyo zaidi. Akasema siku hiyo ataumwa. Nikamwambia kwanza anisomee huyo mtu wake ni nani.

Ni Mwingereza wa zamani, mkemia, jina lake linaushinda ulimi wangu. Alikaa karibu na kiwanda cha pombe, akaichunguza hewa inayopanda juu ya mapipa hata akajua kuitia kwenye maji. Soda tunayokunywa harusini ilianzia kwake. Alimfunika panya kwa gilasi pamoja na kitawi cha nanaa, akaona panya anaishi. Mimi panya huyo ningempiga kandambili, lakini yeye alitaka kujua nanaa inaifanya nini hewa. Tena mbishi: hewa hii tunayovuta aliigundua, akaieleza kombo, na mpaka anakufa hakukubali kusahihishwa. Nikamkumbuka marehemu baba yako.

Kisha Salma akafika pahala watu walipoichoma nyumba yake, kwa ajili ya dini yake na siasa zake, vitabu na vyombo vyake vya kioo vyote. Akakimbilia hapa London, mwisho akavuka bahari na mkewe kwenda Amerika. Nikamwambia mtoto angoje kidogo. Mimi mwaka ule wa Mapinduzi nilitoka Unguja na wewe mgongoni na sufuria moja. Sihitaji kusoma kumjua mtu huyo. Leo mji ule ule uliomchomea nyumba umemsimamishia sanamu.

Salma akaendelea, kisha akarudia mstari kwa kidole. Yule bwana alikuwa na kigugumizi. Na kazi yake nyingine kuhubiri kanisani.

Hakuingia tena chini ya meza.

Nikaosha chupa ya achari niliyonunua dukani kule Kingsbury, nikampa na mshumaa, awaonyeshe wenziwe mambo ya hewa ya bwana wake. Siku yenyewe nikaenda, nikakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, goti kidevuni. Akawasha mshumaa, akaufunika kwa chupa, ukazimika. Vizuri. Kisha akataka kulitaja lile jina, likamkwama. Mtoto mmoja akacheka. Ticha wake, mwanamke mwema, akafungua mdomo amsaidie. Nikanyanyua mkono.

"Mwache," nikasema.

Kiswahili ticha hajui, lakini mkono aliuelewa. Tukangoja. Hamad, kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko safari ya kuja huku. Jina likatoka, zima. Na mengine yakalifuata, mengine yakikwama, naye akiyangoja mwenyewe.

Nikajiona mjinga. Siku zote hizi nampaka asali ulimini, ati kigugumizi kimtoke, na akikwama namalizia mimi. Na wewe pia. Mara ya mwisho, pale mlangoni, alianza kukwambia kitu, ukamdaka neno, ukalimalizia vingine, naye akaitikia kwa kichwa tu. Nimemuuliza alitaka kusema nini. Mimi haniambii.

Msalimie mkeo Zuwena, na dada yako Maryam, mwambie kanga zake ndizo ninazovaa. Shangazi yako wa Pemba mwambie sijamsahau, ingawa yeye kanisahau.

Na mimi mama yako, Bi Sharifa, nakwambia hivi: ukija, Salma ndiye atakayekufungulia mlango. Tua mizigo, kaa chini, umngoje amalize. Hata chai ikipoa.