Bega la Mbeba Kiti

Wiang Saeng, siku ya nne ya mwezi mchanga

Kaka yangu Inpeng,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na mama. Natumaini mpunga umeshaingia ghalani na mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi ni mzima, ila bega la kulia limeota sugu kubwa kama yai la bata. Barua hii isome mwenyewe, kisha itie jikoni chini ya chungu. Vumilia mwandiko, unajua nilitoroka hekaluni kabla ya kumaliza herufi.

Nilikuja kwa miezi mitatu ya kazi ya mfalme. Wakaona kimo changu ni sawa na cha watu wengine watatu, wakanitia kwenye wabebaji wa kiti chake, na sasa ni mwaka wa pili. Mfalme yule mtoto alitawazwa ana miaka saba. Anayetawala ni mjomba wake, Bwana Phommachak. Mfalme hukaa nyuma ya pazia, na akipita watu wote hulala kifudifudi, uso mavumbini. Hakuna anayemwona. Sisi wabebaji tunamjua kwa uzito.

Wakati wa joto kasri lilifungwa siku arobaini. Tukaambiwa mfalme ana homa. Lilipofunguliwa tuliinua kiti, kikaruka juu hata tukayumba. Nan Mun, mkubwa wetu, alisema homa hula nyama. Saengla, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema, "Jamani, tumebeba mfalme au kapu la pamba?"

Kesho yake Saengla hakuonekana. Tukaambiwa amerudi kwao. Kaka, nani anarudi milimani msimu wa mvua akaacha blanketi lake?

Tangu hapo simwamini mtu. Mpishi akiniongezea wali, nautazama mara mbili. Nan Mun akiniuliza kama nimelala vizuri, nawaza katumwa na nani.

Mwezi uliopita tulikuwa tunavuka daraja la mianzi kwenda hekalu la ng'ambo. Nikasikia sauti ndogo nyuma ya pazia ikihesabu hatua zangu. Ilipofika nne ikanong'ona, "Polepole, baba mdogo. Jiwe la tano linateleza."

Ni mtoto gani anayejua mawe matano ya kijito cha nyuma ya nyumba yetu? Nimemvusha mwanao Onkeo mara ngapi kwa bega hili hili?

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Mwanao hayuko hekaluni akisoma. Kasri lilipofungwa, mtu wa Bwana Phommachak alituuliza nani kwao kuna mtoto wa miaka minane au tisa, mwepesi wa akili, awe mtumishi wa mfalme. Nilijibu mimi. Aliniahidi kunirudisha nyumbani, nami nilikuwa nimechoka, kaka. Watawa waliokuja kumchukua, njia niliwaelekeza mimi. Barua ya kwamba anasoma vizuri niliitunga mimi. Siku ile kiti kilipokuwa chepesi, bega lilijua aliyemo si mfalme. Mimi ndiye sikutaka kujua.

Mwezi ujao mfalme atakatwa kishungi cha nywele za utoto. Baada ya hapo hukaa bila pazia mbele ya wajumbe wa nchi jirani, na hao walimwona yule wa kwanza uso kwa uso siku alipotawazwa. Juzi nilipeleka kiti kwa seremala wa kasri kitengenezwe. Nikamkuta anachonga jeneza dogo la msandali. Kasrini hakuna mgonjwa.

Siku ya mwezi mpevu, asubuhi, tutavuka tena daraja lile. Njoo na mtumbwi uliojaa nyasi za kuezekea, ukae chini yake. Watu wote watakuwa kifudifudi. Desturi iliyowaficha wao itatuficha na sisi. Mtoto anaogelea kama bata. Usimwite jina lake. Mshike, mfunike kwa nyasi, uende na maji. Mimi usinisubiri.

Kwenye hatua ya tano nitateleza.

Msalimie shemeji, ila haya usimwambie mpaka mtoto awe mikononi mwake. Mama mwambie kazi ya mfalme nimeimaliza.

Ni mimi mdogo wako,
Bunpan