Mursik ya Weldon Imeishia Arrivals

Kui, uko? Usicheke kwanza.

Si unajua ndege ya Eldoret ilinishusha Nairobi asubuhi, na ya kwenda kwa bro Weldon ni jioni? Nikasema siwezi kaa tu, wacha niende arrivals nione watu wakipokelewa.

Akatoka mzee mwembamba, tracksuit ya Kenya juu mpaka chini. Peke yake. Kui, bingwa wetu anarudi na hakuna hata mtu wa kumnywesha maziwa ya kumkaribisha? Niliskia uchungu.

Nikapiga vigelegele. Nikafungua kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, mathe alitoa kijijini Keringet apelekewe Weldon, nikamnywesha. Watu wakaja na simu, wengine wakaanza kuimba.

Nikamuuliza, "Mzee, ulikimbia mbio gani?"

"Mimi? Nilienda kuona mjukuu. Hii nguo walinivalisha nisipotee."

Nisipotee, Kui. Na kibuyu amemaliza.

Nikamwambia pole. Akapanguza mdomo, akasema, "Ya nini? Kijana wangu alisema atakuja kunichukua, hajakuja. Umekuja wewe."

Sasa tumekaa hapa tukimngoja huyo kijana. Watu bado wanapiga picha na mzee. Ameanza kuwaambia alishinda.

Na mimi ati ndio coach.